Shule Ambayo Hakuna Anayefeli

Akina mama wa kikundi chetu cha kanisa hawakunichagua kwa sababu wananipenda. Walinichagua kwa sababu siamini mtu. Hapa Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, yuko mmoja ambaye akiambiwa mkate ni wa leo huubonyeza kwanza, akiuziwa nyanya huanza kukagua zile za chini, na akisikia mhubiri anasema ametokewa na malaika ndotoni huuliza alikula nini jioni ile. Mtu huyo ni mimi. Basi Jumapili moja baada ya ibada yalizuka mazungumzo kuhusu shule ya sekondari ya serikali, ile ambayo kila mwaka wanafunzi wake wote wa darasa la mwisho hufaulu mtihani wa taifa. Mama anayetuongoza, muuza unga wa bukari, yaani ugali, mwenye sauti ya kuamuru, hakuuliza nani atajitolea kwenda kuichunguza. Alinigeukia tu.

"Weye mwalimu, enda utuangalilie ile masomo," akasema. "Weye haunaga imani na mutu."

Wakacheka wote, nami nikacheka nao, ila nilikubali kwa sababu zangu mwenyewe.

Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la nane na alitaka mchepuo wa kemia na biolojia. Alipania kuwa mfamasia, na hakuna aliyemfundisha neno hilo. Alilisoma kwenye kibao cha duka la dawa akalikamata. Hapa Kolwezi mchepuo huo tuliuona mahali pawili: kwenye shule za binafsi, ambazo ada zake hatuziwezi, na kwenye shule hiyo ya serikali. Ikishindikana, angekwenda kukaa kwa shangazi yake Mutshatsha, na kule nafasi iliyomngojea ilikuwa ya ualimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi hii naijua, siku nyingine hata naipenda, lakini sikumzaa mtoto ili aje kuusubiri mshahara kama ninavyousubiri mimi. Wazazi wetu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, na watu wa huku hututania mpaka leo kwamba tunaweza kuezua nyumba na kuuza mabati ili mtoto aende shule. Utani huo haunikeri, maana ni kweli.

Ualimu umenionyesha pia jinsi shule inavyojua kudanganya. Nimeona madawati yakiazimwa kanisani asubuhi ya ukaguzi na kurudishwa mkaguzi akishapanda pikipiki yake. Nimeona wanafunzi dhaifu wakishauriwa kwa upole wahamie kwingine kabla ya mtihani, ili watakaobaki wapendeze. Kwa hiyo shule ya serikali ambayo hakuna anayefeli haikuwa habari njema kwangu. Ilinukia vibaya, na nilitaka kujua harufu inatoka wapi kabla sijamwingiza mwanangu humo.

Nilianza na matokeo. Kwetu matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, waliofaulu humiminiwa poda kichwani, ile ya watoto wachanga, wakazunguka mitaani wakiimba huku wamekuwa weupe hadi kope. Siku hiyo nilikwenda kusimama mbele ya lango la shule hiyo nikiwa nimekariri maswali mawili ya kemia, majibu yakiwa tayari kichwani. Nilimshika mkono msichana mmoja aliyekuwa ameishiwa sauti kwa kuimba, nikampongeza, kisha nikamtupia swali la kwanza. Alinishangaa. Akalijibu. Nikamtupia la pili, akalijibu pia, halafu akaniuliza kwa adabu kama ningependa anieleze na sababu yake. Poda ilikuwa ikimdondokea midomoni. Nilijiona mjinga kidogo, lakini mjinga mwenye furaha, kwa sababu mtu aliyeiba mtihani hatoi maelezo ya ziada bure.

Ila sikumwachia hapo. Nilimwuliza majaribio walikuwa wakiyafanya kwenye maabara ya namna gani.

"Labo? Hatukuingiaka mule hata siku moja, mama," akasema. "Inafungwaka. Ufunguo iko na tata prefe."

Kwetu mkuu wa shule ya sekondari huitwa prefe. Nikabaki pale langoni nikiwaza. Watoto wanaijua kemia kweli, na maabara wanayo, na hawajaingia humo hata siku moja. Nilikuwa nimekuja kutafuta wizi wa mitihani, sasa nilikuwa na kitu ambacho sikujua hata nikiite nini.

Siku zilizofuata niliuliza mitaani. Je, wanafunzi dhaifu hufukuzwa? Hapana, kila mzazi alisema, hakuna aliyefukuzwa. Je, walimu huuza alama? Hapana. Je, walimu wanakuja? Hapo ndipo nilipopata jibu lililonisumbua zaidi ya yote. Wanakuja kila siku, waliniambia, hata mshahara wa serikali ukichelewa. Msinielewe vibaya, nawapenda walimu wenzangu. Lakini katika mji huu, mshahara ukichelewa, mwalimu mmoja anauza vocha za simu, mwingine anaosha madini mtoni, na mimi mwenyewe huuza sabuni wakati wa mapumziko. Hawa wa shule ile walikuwa na viatu vilivyong'aa. Nani alikuwa akiwang'arishia?

Nikaomba kuonana na prefe kama mzazi anayetafuta nafasi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, na upole wake ulinitia wasiwasi tangu salamu ya kwanza. Alinitembeza mwenyewe. Madarasa yalikuwa na madawati ya kutosha na vioo madirishani. Vyoo vilikuwa safi. Nilivifungua vyote, na yeye akanisubiri bila kulalamika. Kando ya njia kulikuwa na maua yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, kama ilivyo katika kila shule niliyowahi kuiona maishani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na chokaa ilikuwa imetoka kwenye mawe kadhaa. Chini ya chokaa jiwe moja lilikuwa la kijani, na lililofuata jeusi lenye kung'aa. Hakuna mtu wa Kolwezi anayehitaji kuelezwa kwamba la kijani ni la shaba na jeusi ni la kobalti. Nilijiambia kwamba madini yamezagaa kila mahali katika mji huu, nikaendelea kutembea, lakini nilianza kuangalia chini.

Maabara ilikuwa mwisho wa jengo refu, imepakana ukuta kwa ukuta na darasa la kemia na biolojia. Madirisha yake yalikuwa yamepakwa rangi kwa ndani. Mlangoni palikuwa na kufuli kubwa, jipya, la aina inayofungwa kwenye maghala. Nilimwuliza prefe kama naweza kuchungulia. Alisema kemikali ni hatari na vifaa vipya bado vinasubiriwa. Nikamwuliza inawezekanaje kemikali ziwe hatari na vifaa viwe havijafika, maana kimoja kati ya hivyo lazima kiwe ndani. Alitabasamu akanielekeza ofisini.

Ofisini akaniuliza maswali yake. Sikushangaa alipouliza mtoto alipata alama gani. Nilishangaa yalipoanza mengine.

"Bwana yako anatumika wapi, mama?"

Nikamwambia mimi ni mwalimu, na bwana ni dereva wa lori, anapeleka shaba mpakani, mara nyingi hayupo. Akaandika. Akauliza kama katika ukoo wetu yuko askari wa polisi ya migodi. Nikasema hapana. Mkaguzi? Mtu wa redio? Hapana, hapana. Kila hapana yangu ilimlegeza mabega. Nilipotoka nikakumbuka kwamba jirani yetu mmoja, mwenye mtoto anayeshika nafasi ya kwanza kila mwaka, alikataliwa na shule hiyo bila maelezo, na kazi ya jirani huyo ni kulinda mgodi kwa sare ya polisi. Tulidhani wamemkataa kwa sababu za kikabila. Wakati huo nilianza kufikiri kwamba ukabila ungekuwa afadhali.

Binti yangu aliitwa kwenye mtihani wa kuingia. Asubuhi hiyo hakula kitu. Aliingia na wenzake katika darasa la kemia na biolojia, sisi wazazi tukaachwa kivulini tuulizane habari. Mimi sikuulizana na mtu. Nilisema natafuta choo, nikapita nyuma ya jengo refu.

Nyuma ya maabara palikuwa na mlango wa pili, mpana, ambao hauonekani kutoka uwanjani. Mbele yake palitandikwa turubai. Kulikuwa na mafungu ya magunia matupu, kamba nene iliyokunjwa, na pampu ya maji yenye mpira mrefu ulioingia chini ya mlango. Vijana watatu walikuwa wameketi ukutani wakila bukari na sombe ya majani ya muhogo, miguu na nywele zao zikiwa na vumbi jeusi, na waliponiona hawakushtuka. Walinisalimu "mama" na kunikaribisha chakula. Lafudhi zao zilikuwa za mbali, mmoja nadhani alitoka Kinshasa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Pale ambapo meza za maabara zingekaa palikuwa na shimo la mraba lililozungushiwa mbao, na kutoka humo zilipanda hewa baridi na sauti ya nyundo.

Nimekulia katika mji huu. Nimeona majirani wakichimba sebuleni na kulaza watoto chumba cha pili. Nilidhani hakuna shimo linaloweza kunishtua tena. Lakini nilisimama pale nikikadiria kwa macho unene wa ukuta uliolitenga shimo hilo na darasa, na upande wa pili wa ukuta huo mwanangu alikuwa ameinamia karatasi ya mtihani. Nilikasirika hadi nikasahau kuogopa.

Prefe alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui nani alimwita. Hakupaza sauti, aliniomba tu tusogee pembeni ili vijana waendelee kula kwa amani.

"Mama ni mwalimu," akasema. "Njo maana unajua mushahara ya mwalimu. Balimu yangu bote banakuya kila siku. Hakuna moja mwenye anaenda kuchimba."

Nikamwambia hakuna haja ya wao kwenda kuchimba kama wamechimbiwa shuleni. Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyesikia jibu zuri darasani. Alieleza kwamba si wizi, kwamba kamati ya wazazi inajua, kwamba kila kinachotoka kinawalipa walimu na kimejenga vile vyoo nilivyovifungua. Alisema alipofika katika shule hiyo darasa la mwisho lilikuwa na walimu wawili na paa lilikuwa nusu. Nilimtafutia uongo usoni sikuuona, na hilo lilinichukiza zaidi. Nikamwuliza shimo linaelekea wapi.

"Inaenda upande ya barabara. Haipite chini ya klasi."

"Nani alipima?"

"Bale benye banachimba," akasema.

Kengele ililia, watoto wakatoka. Binti yangu alikuja mbio akisema maswali yalikuwa mepesi. Nilimshika mkono tukatoka langoni.

Jumapili nilitoa taarifa. Nilisimama mbele ya akina mama, nikasema yote kwa mpangilio ninaoutumia darasani. Matokeo: ni ya kweli, watoto wanajua. Walimu: wanakuja na wanafundisha. Vyoo: safi. Nafasi: wanachuja wazazi zaidi ya watoto, na sasa najua kwa nini. Maabara: ni shimo la kobalti. Nilieleza magunia, kamba, pampu, na jibu la prefe kuhusu nani alipima. Kisha nikanyamaza nikisubiri wapige kelele. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kuwatuliza.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja alikuwa akimfunga mtoto mgongoni, akaendelea kumfunga. Muuza unga alinigeukia.

"Batoto banapita na akili yabo, ao banaiba?" akauliza.

"Na akili yabo."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akauliza darasa la kwanza la sekondari liko upande gani wa uwanja. Nikasema upande wa pili, mbali na maabara, ila wale wa kemia na biolojia ndio waliopakana nayo. Akapumua. Binti yake alikuwa anakwenda mchepuo wa biashara. Wengine nao wakauliza kila mmoja upande wake, wakinifanya nichore kwa kidole hewani lango liko wapi na ukuta uko wapi. Mmoja alisema chini ya jikoni kwake pia kuna shimo la mpangaji wake, na bado anapika. Mwingine alisema Sandoa kuna shule ya masista isiyo na shimo, lakini nani ana pesa ya bweni. Kabla ya wimbo wa kufunga walikuwa wakizungumza kuhusu sare, mahali pa kushona, na fundi asiyechelewesha. Walinishukuru sana. Walisema kazi yangu imewasaidia kuamua.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kwao wote, nikamwambia binti yangu kwamba atakwenda Mutshatsha. Hakulia. Aliniuliza kama kule kuna kemia, ingawa alijua, na mimi nikasema ualimu ni kazi ya heshima. Akaitikia "ndiyo, mama", akaenda kuosha vyombo. Aliviosha kwa uangalifu usio wa kawaida, sahani moja moja, na mimi nikakaa pale nikisikiliza. Juma lile matokeo ya kuingia yalibandikwa langoni na jina lake lilikuwa la pili. Baba yake alipiga simu kutoka mpakani, akasikiliza hadithi yote ya shimo, kisha akasema mimi ndiye niliyeona kwa macho, niamue mimi. Nilimchukia kwa dakika moja. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kulipa ada. Niliogopa nikiwa kwenye foleni, niliogopa nikipokea stakabadhi, na nilimnunulia sare ya ukubwa wa kumfaa hata mwaka unaofuata.

Mara masomo yalipoanza nikawa askari. Kila jioni nilimhoji. Ukuta una nyufa? Hakuna, mama. Sakafu imebonyea mahali popote? Hapana, mama. Walimu je? Wanafundisha, tena vikali. Nilimkataza asiwaulize wenzake kuhusu maabara, kwa sababu sikutaka awe yeye wa kuwatia hofu watoto wa watu.

Jioni moja alichoka na maswali yangu. Alikuwa akinisaidia kuchambua mboga, akaweka kisu chini.

"Mama, batoto bote banajua," akasema. "Wakati banagonga kule chini, chaki inatikisikaka ku tableau. Mwalimu anangoyaka kidogo, anaendelea."

Shimo lilikuwa limefika chini ya ubao, basi, wala haliendi upande wa barabara. Nikamwuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, yeye hukaa wapi darasani.

Akanieleza kwamba huko hakuna anayechagua kiti. Kila Jumamosi wanafanya mtihani wa juma, na Jumatatu mwalimu anawapanga kwa alama. Wa kwanza anakaa karibu na mlango, wa pili kando yake, kisha wa tatu, na hivyo hivyo mpaka safu ya mwisho, ile inayoegemea ukuta wa maabara. Alisema hakuna mtoto anayecheza na mtihani wa Jumamosi. Alisema wapo wanaosoma hadi wanasinzia wakila.

Nilikuwa nimezunguka mji mzima nikiuliza kwa nini shule ile hakuna anayefeli.

"Na weye?" nikamwuliza. "Unaikalaka wapi?"

"Mustari ya tatu," akasema. "Karibu na dirisha."

Ilikuwa Ijumaa. Nikasukuma mboga pembeni, nikapangusa meza kwa kanga yangu, nikamwambia alete kitabu cha kemia.